Mwaka Marashi Alipotua kwa Mgeni

Kwenye msiba wa Bi Thuraya watu walijitambulisha kwa njiwa wao. Nilikuwa nimekaa jamvini na wanawake wengine uani kwake Chang'ombe, kahawa mkononi, mama mmoja nisiyewahi kumwona akaniinamia na kuniuliza kama mimi ndiye yule wa Mtoni mwenye wale wawili waliokataa kuhama. Nikamwambia ndiye. "Basi mie ndiye yule wa Mbezi, mwenye dume la miguu ya manyoya," akasema, na nikamrukia kwa kumkumbatia hapohapo, katikati ya watu waliokuwa wanasoma dua. Miaka nenda rudi nilikuwa nalijua banda lake, naijua homa iliyowapitia makinda wake, najua hata mumewe alivyolalamika kelele za alfajiri, ila sura yake ndiyo kwanza naiona. Upande wa wanaume hali ilikuwa hiyohiyo. Watu walishikana mikono kwa mashaka, halafu likatajwa jina la ndege, halafu zikasikika sauti za watu waliofahamiana zamani. Siku hizi mimi mwenyewe nasimamia grupu la wapanda maua lenye watu wengi kuliko mtaa ninaoishi, naingia arobaini, na mabinti wa ofisini wananiamkia shikamoo. Kila ninapomsikia mtu akisema mitandaoni hakuna adabu, namkumbuka mwanamke huyu aliyeuza masufuria, na ule mwaka wangu wa kwanza, na ninashangaa upya.

Mwaka ule nilikuwa sijafika thelathini, ndio kwanza nimepanga chumba Mtoni, nyuma kidogo ya barabara ya Kilwa. Chumba kilikuwa na dirisha moja linaloangalia uani, na uani kulikuwa na banda la mbao lililoegemezwa ukutani, tupu. Kijana aliyekaa pale kabla yangu, Seif, alikuwa amehamia Mbagala na njiwa wake wawili ndani ya boksi la sabuni. Njiwa wakafika Mbagala, wakala mtama wa Mbagala, na siku alipowafungulia wakarudi Mtoni. Nilikuwa nafua waliposhuka juu ya bati la lile banda wakanitazama kwa dharau, kana kwamba mimi ndiye niliyevamia. Seif akaja akawachukua. Wakarudi tena. Mara ya tatu hakuja na boksi. Alisimama mlangoni pangu ameshika kofia yake mkononi, akasema, "Sista, hawa wameshachagua. Bakia nao tu." Sikuwa mtu wa ndege hata kidogo, lakini jambo lile lilinishika. Kiumbe mwenye kichwa kisichozidi ndimu anabebwa gizani mpaka mahali asipopajua, kisha ukimwachia anajua pa kwenda. Anajuaje? Nimesoma maelezo mengi tangu siku ile, yote yamenielimisha na hakuna hata moja lililonipunguzia mshangao.

Seif ndiye aliyeniunganisha na grupu la wafugaji kwenye simu, watu kama mia mbili wa Temeke, Kinondoni na kwingineko. Nilitegemea kukuta vurugu ninazozijua: dua za kusambaza, matangazo ya dawa, watu kutukanana kwa sababu ya mpira. Nikakuta mahali ambapo mtu akiingia anasalimiwa kwa jina, na akiuliza swali wakubwa wote wananyamaza. Ndiyo ilikuwa desturi ya Bi Thuraya, aliyelisimamia grupu, na sijaiona kwingine kokote. Mgeni anapokelewa na yule aliyeingia mwisho kabla yake. Huyo ndiye anayemkaribisha, huyo ndiye anayemjibu swali lake la kwanza, mbele ya wote, na watu waliofuga njiwa tangu utoto wao wanakaa kimya wakisoma, isipokuwa jibu likiwa la kuua ndege. Mimi nilipokelewa na Tumaini, karani mmoja wa Mwananyamala mwenye asili ya Iringa. Swali langu la kwanza lilikuwa njiwa wanaota meno wakiwa na umri gani, kwa sababu hawa wangu walikuwa wanameza punje nzimanzima. Tumaini akaandika: "Karibu Anjela. Swali zuri. Hawaoti kabisa, wanasaga kwa changarawe tumboni, kwenye firigisi, kwa hiyo wawekee changarawe. Mie langu la kwanza niliuliza kama njiwa ananyonyesha, na ukae ukijua jibu ni karibu na ndiyo, maana anawatemea makinda kitu kama maziwa kutoka kooni." Nilikwenda kuwatazama wale wawili bandani kwa heshima mpya kabisa.

Mtu mmoja tu ndiye aliyecheka. Alituma vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi, mstari mzima, na kabla sijamaliza kuona aibu nikaona maandishi kwamba Bi Thuraya amemwondoa. Nilipokuja kuzoeana nao ndipo nilipojua alikuwa Salim, kaka yake wa tumbo moja, na kwamba wakati ule walikuwa pamoja kwenye duka lao la masufuria Chang'ombe, yeye mbele anapima sufuria, dada yake nyuma ya pazia na simu. Sheria ilikuwa ukimcheka mgeni unapumzishwa mpaka kesho yake, halafu unarudishwa na hakuna anayekusema. Salim alipumzishwa mara nyingi kuliko mtu yeyote. "Huyu dada yangu," aliniambia siku moja akinifungia kikaango, "ningekuwa mteja angenichekea. Kwa kuwa mie ndugu, ananitoa nje kwenye simu, na chakula cha mchana ananiwekea kama kawaida."

Nilikuwa nafanya kazi kwenye ofisi ya kiwanda kidogo cha maboksi Chang'ombe, na Jumamosi tulitoka mchana, kwa hiyo nikaanza kupitia dukani. Nyuma ya lile pazia kulikuwa na chumba kirefu chenye jokofu linalonguruma, meza ya kitambaa cha plastiki chenye picha za zabibu, na ngazi ya chuma ya kupandia darini walikokaa njiwa. Tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka, mara nyingine sambusa zilizobaki jana zikapashwa. Bi Thuraya alikula taratibu, miwani imening'inia kwenye mnyororo, simu imefungwa mpira wa kufungia fedha ili isimponyoke. Familia yao ilikuwa imefanya biashara pale tangu enzi za babu, Waarabu waliosahau Kiarabu kasoro cha kuswalia, kama alivyopenda kusema mwenyewe. Nilimuuliza kwa nini wageni wasijibiwe na wajuzi. "Mjuzi ameshasahau kuwa alikuwa hajui nini," akasema. "Atamwambia mgeni mambo makubwa makubwa, mgeni atasema ahsante, na ndege atakufa kwa kiu. Wa jana anakumbuka." Halafu akanisukumia sahani ya achari. Nilimpenda mwanamke yule, nalisema wazi, kwa namna niliyowapenda watu wachache sana maishani.

Alikuwa na njiwa jike aitwaye Marashi, wa kijivu, na doa jeupe kisogoni utadhani mtu amemgusa kwa kidole chenye unga. Mguuni alivaa pete ya kijani. Njiwa wengine wa Bi Thuraya, wakipelekwa Chalinze au Morogoro na kuachiwa huko, walirudi. Marashi alirudi wa kwanza. Katikati ya mwaka ule walipelekwa Morogoro kama kawaida na wote wakarudi isipokuwa yeye. Grupu zima lilitafuta. Watu walipanda juu ya mapaa yao, Kibaha wakauliza, Kimara wakauliza. Bi Thuraya hakulalamika, ila nilikuwa namsikia kila nikiwa pale, akishuka kutoka darini na kumwambia Salim, "Maji nimeyabadilisha," kana kwamba aliulizwa. Alikuwa akibadilisha maji ya Marashi peke yake, kwenye kibakuli ambacho ndege wengine hawakukigusa. Wiki zikapita hivyo, na Salim akaacha kumwitikia.

Jumamosi moja tulikuwa mezani, mikono imejaa wali, simu zetu mbili zikalia pamoja. Dakika chache kabla ya hapo alikuwa ameingia mtu mpya ambaye sikuwa nimemkaribisha bado, fundi mwashi wa Mwananyamala aliyejiita Baba Joni, na hii ilikuwa picha yake ya kwanza. Ilionyesha kiganja kikubwa chenye michirizi ya saruji, na juu ya kiganja njiwa wa kijivu, na doa jeupe kisogoni. Bawa la kulia lilikuwa limetandazwa ili tuone vizuri, na manyoya yake marefu yalikuwa yamekatwa kwa mkasi, yote, yamenyooka kama mstari wa rula. Chini aliandika: "Wakuu, habari za mchana. Mungu kanipa huyu, ametua mwenyewe. Nimeshampunguza bawa asitoroke. Naomba ushauri, nimpe jina gani?" Wafugaji wanajua kwamba ndege uliyemnunua unaweza kumpunguza bawa mpaka azoee kwako. Alikuwa amesikia hilo mahali na akalitumia. Kwamba pete mguuni maana yake ndege ana kwake na anapumzika tu njiani, umpe maji na umwache aende, hilo alikuwa hajalifikia.

Bi Thuraya alisukuma sahani yake pembeni. Alinawa mikono, akavaa miwani, akaitazama picha kwa muda mrefu, kidole kikipita juu ya bawa pale kwenye kioo. Wakati huo ujumbe ulikuwa unamiminika, na wa kwanza kabisa alikuwa Tumaini, mpole yule aliyenifundisha firigisi: "Huyu ni mwizi. Atolewe sasa hivi, na mie nipo Mwananyamala, nitamfuata." Wengine wakafuata. Atolewe, atolewe. Huyu ni wa kupelekwa polisi. Wengine wakaandika kwamba wasipomwona ametoka, watatoka wao. Salim akafunua pazia, simu mkononi, wateja wanamsubiri. "Umeona? Mtoe huyo mwizi!" Bi Thuraya akamjibu bila kuinua macho, "Mwizi hapigi picha, Salim." Salim akabaki ameshika pazia. "Mwizi angemficha. Huyu kamleta mbele ya watu mia mbili anaomba jina. Nenda kamuuzie yule mama sufuria lake."

Kisha akafanya kitu ambacho mpaka leo nikikisimulia nasikia mwili unasisimka. Alilifunga grupu, akaliweka katika ile hali ya maadmini tu ndio wanaoweza kuandika, na zile kelele zote zikakatika kwa mpigo. Halafu akaongeza maadmini wawili. Mmoja nilikuwa mimi. Wa pili alikuwa Baba Joni. Nilidhani amekosea kubonyeza, nikamwonyesha. Hakuwa amekosea. Mtu aliyemshika ndege wake, aliyemkata bawa, ambaye watu mia mbili walitaka afukuzwe, alimpa uwezo uleule wa kufukuza. Kwa kidole kimoja angeweza kututoa wote tukabaki tunashangaa. "Haya," akasema Bi Thuraya, "mpokee mgeni wako."

"Mie, Bi Thuraya? Mbele ya wote?"

"Si wewe uliyeingia kabla yake?" Akakaa, akavuta sahani yake, lakini hakula. "Anza na alichofanya sawa. Kipo, tazama vizuri."

Nikaitazama picha tena, na kweli kilikuwepo. Nyuma ya mkono wake kulikuwa na kibanda kipya, kimekaa kivulini, na bakuli la maji safi, na mtama. Mtu yule alikuwa amejenga nyumba kabla hajauliza swali. Nikaandika huku vidole vikikosea: "Shikamoo Baba Joni, karibu sana. Mimi Anjela wa Mtoni, nimeingia kabla yako. Umefanya vizuri kumweka kivulini na kumpa maji, pengine ndiyo maana yuko hai. Na umefanya vizuri kutuonyesha." Nikaongeza: "Ile pete ya kijani maana yake ana kwao. Alikuwa njiani anarudi nyumbani, akachoka. Mtu akimpata wa hivyo humpa maji na kumwacha aende. Ulikuwa hujui. Mimi nilipoingia nilidhani njiwa wanaota meno." Juu ya kioo ikaonekana kwamba anaandika, ikapotea, ikaonekana tena. Nilijua watu wote wale walikuwa wameshika simu, Mbezi, Kimara, Temeke, wanatazama lile neno likija na kuondoka. Mwishowe akaandika: "Ni wa nani?" Nikamtazama Bi Thuraya. Akachukua simu akaandika mwenyewe: "Ni wangu. Anaitwa Marashi, kwa hiyo jina usihangaike."

Baba Joni akaandika: "Mama naomba unisamehe. Nielekeze dukani nimtume mtu amlete leo hii. Mie natoka kwenye grupu, sistahili." Na hapo Salim akasema kwa sauti kutoka mbele ya duka, "Twende na gari tukamchukue, nusu saa tumerudi." Ilikuwa kweli, Mwananyamala si mbali. Nilimwona Bi Thuraya akiinua macho kwenda kwenye ngazi ya dari, nikaona namna alivyotamani. Lakini alichoandika ni hiki: "Usitoke. Na usimlete. Nikimbeba kwa gari atakuwa ameletwa, na mie nataka arudi. Manyoya yatadondoka yenyewe na mengine yataota, usiyang'oe. Atakaa kwako mpaka aweze kuruka. Kila Jumamosi tuonyeshe bawa." Kisha akalifungua grupu watu waandike tena.

Tumaini alitoka siku hiyohiyo, kwa hasira, akisema hawezi kukaa mahali mwizi anapopewa uadmini. Wengine walibaki kwa shingo upande. Waliona Bi Thuraya amempoteza ndege kwa mara ya pili, maana njiwa akikaa mahali miezi, akala, akapata mwenzake, anaweza kuhesabu pale ndipo kwao, na bawa likiota hatakuwa na sababu ya kuondoka. Hata yeye alilijua hilo. Niliwahi kumsikia nyuma ya pazia akimwambia Salim, kwa sauti ndogo, "Anaweza asije." Salim akamuuliza, "Sasa?" Akasema, "Sasa basi. Atakuwa na kwake kule." Na bado Jumamosi zikaja na picha zake. Baba Joni hakukosa hata moja. Kiganja kilekile chenye saruji, bawa limetandazwa, kisiki kimoja cha unyoya uliokatwa kimedondoka, pengo, kisha ncha ya unyoya mpya ikichungulia ndani ya ala yake ya buluu. Grupu lililotaka afukuzwe likaanza kusubiri Jumamosi. Watu wakaanza kushauri, kisha kubishana kuhusu mahindi na kunde, kisha kumuuliza Baba Joni kama paka wa jirani bado anasumbua. Sijawahi kuona watu wengi hivyo wakitazama unyoya ukiota, na sisi wote tukiwa na kazi za kufanya.

Baada ya miezi kadhaa Tumaini akarudi. Aliomba kuunganishwa kimyakimya, labda akitumaini hataonekana, lakini anayeingia ni mgeni, na desturi haikuwa na mlango wa uani. Hakuna aliyekuwa ameingia tangu Baba Joni. Watu wakanyamaza wote, wakubwa kwa wadogo. Baba Joni akaandika: "Karibu Tumaini. Mie Baba Joni, tunakaa kata moja. Kama una swali usiogope." Nilikuwa ofisini, nikaifunika simu kwa mkono kama mtu aliyeona kitu kisichofaa kuonwa na wengi. Tumaini akajibu saa ileile: "Ahsante kaka. Bawa linaendeleaje?"

Kitu kimoja tu kilikataa. Bi Thuraya alikuwa amemwalika Baba Joni Chang'ombe mara nyingi, kwa Idi, kwa maulidi, kwa chakula tu cha Jumamosi, na kila mara mtu huyo alikuwa na saruji ya kumwaga. Nilielewa. Kwenye simu alikuwa ameshapokelewa, lakini kumtazama usoni mwenye ndege, na mkono ulioshika mkasi anao mwenyewe, hilo hakuliweza. Alichoweza ni kuniomba mimi, kwa kuwa nilimpokea, niende kwake siku Marashi atakapoachiwa, ili awepo shahidi.

Nilifika Mwananyamala asubuhi. Mama Joni alikuwa amepika chai ya tangawizi na mihogo ya nazi, tukala kwenye mkeka pembeni ya banda, na hakuna aliyesikia ladha. Baba Joni alikuwa mtu mnene, mkimya, mwenye mvi za kwanza kidevuni, amevaa fulana yenye madoa ya chokaa, na nilipomwamkia aliitikia marahaba huku akitazama chini. "Nimemzoea," akasema. "Ananijua mpaka mlio wa miguu. Dada, asipokwenda, nitamwambia nini Bi Thuraya?" Akaingia bandani akatoka na Marashi, akapanda juu ya ukuta wa chumba ambacho alikuwa hajakiezeka, akalitandaza lile bawa mara ya mwisho kulikagua, nyoya kwa nyoya, halafu akafungua mikono.

Marashi hakwenda mbali. Aliruka mpaka kwenye bati la jirani, akatua, akajikuna, na kugeuza kichwa kutazama kibanda chake chenye mtama. Mama Joni akasema taratibu, "Yesu wangu." Kisha Marashi akanyanyuka. Akazunguka juu yetu, akapanda, akazunguka tena duara kubwa zaidi, na jua likapita ndani ya lile bawa tulilolitazama Jumamosi zote zile, na kwenye duara la tatu hakurudi kutuzunguka. Alinyoosha kuelekea Magomeni, hakuwa na wasiwasi wowote, mpaka macho yetu yakashindwa. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. Baba Joni alibaki amesimama juu ya ukuta na mikono yake wazi vilevile.

Chai ilikuwa bado ina moto simu ya Baba Joni ilipolia. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa Bi Thuraya, na nyuma yake masufuria yakigongana na Salim akipiga kelele za furaha kama mwehu. "Baba Joni," ilisema sauti, ikihema kwa kupanda ngazi, "kafika. Yuko hapa anakunywa maji." Halafu wakasikika ndege wakilia. "Mwanangu, na wewe njoo sasa."

Aliisikiliza mpaka mwisho, akairudia, akairudia tena. Kisha akateremka ukutani, akaniomba nimsubiri, akamwambia mkewe ampigie pasi shati lake la kanisani.